Ulaya Inayosomwa Marekani: Jibu Nililomkosesha Mzee wa Mitundu

Nilikwenda Mitundu kwa ajili ya msiba. Siku ya tatu, wakati wa jioni, mazungumzo ya matanga yalipoanza kuhama kutoka kwa marehemu na kuingia katika habari za walio hai, ikatajwa habari ya kijana mmoja wa ukoo wetu aliyepata ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha Marekani. Alipoulizwa anakwenda kusomea nini, kijana akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni masomo ya Ulaya ya sasa: siasa zake, historia yake tangu Vita Kuu ya Pili, na Umoja wake. Baba yake mkubwa, mzee aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake katika mizinga ya nyuki, akasema, "Ulaya si iko Ulaya, mwanangu? Sasa unaipita juu kwa ndege uende ukaisomee Marekani?" Watu walicheka kwa namna ya matangani, yaani kwa kujizuia. Kisha mzee akanigeukia: "Mwalimu, wewe ndiye uliyekwenda huko. Hebu mweleze, au utueleze sote."

Nilijibu vibaya. Nilisema maneno ya jumla kuhusu maktaba nzuri na maprofesa mashuhuri, mzee akatikisa kichwa kwa heshima, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Lakini swali lake lilikuwa swali la kihistoria, tena zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Nimeona nilijibu hapa, kwa sababu wanafunzi wengi wanaoniandikia kuomba barua za mapendekezo wako njia panda ile ile, na kwa sababu ndani yake limo jambo linalowahusu watumishi wa umma wanaoketi mezani na Wazungu kujadili bei ya jasho letu.

Nianze na Mitundu penyewe. Iko kusini mwa Itigi, mkoani Singida, upande wa barabara inayoelekea Rungwa na Chunya. Ni nchi ya msitu na asali. Mtu anaweza kudhani kwamba hapo ni mahali pa mwisho duniani pa kuzungumzia Ulaya, na atakuwa amekosea. Kituo cha treni cha Itigi kipo kwa sababu Wajerumani walijenga reli kutoka Dar es Salaam, wakafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli hiyo, himaya aliyoijenga Nyungu ya Mawe katika nchi ya Wakimbu, akairithi mwanamke aitwaye Mgalula baada ya kifo chake mwaka 1884, ilikwishasambaratishwa na utawala huo huo wa Kijerumani mwaka 1895. Na leo, kijana wa Itigi au Mitundu akitaka kusoma historia ya kitaaluma ya utemi wa Wakimbu, kitabu kikuu atakachoelekezwa ni cha Aylward Shorter, padri Mwingereza wa shirika la White Fathers, kilichochapwa Oxford mwaka 1972. Ni kitabu kizuri. Nimekisoma zaidi ya mara moja na kinastahili heshima. Lakini tazama hali ilivyo: Ulaya ilikuja, ikavunja, ikajenga, ikaandika, kisha ikayahifadhi maandishi. Sisi tumekuwa tukisomwa na Ulaya kwa zaidi ya karne moja. Ni wangapi miongoni mwetu tumeketi kuisoma Ulaya kama somo, jinsi mganga anavyomsoma mgonjwa au mfanyabiashara anavyomsoma mshindani wake?

Sasa, kwa nini Marekani?

Jibu la kwanza ni kwamba Ulaya yenyewe ilihamia huko, watu wake na makaratasi yake. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, vyuo vya Ujerumani vilianza kuwafukuza wasomi wa Kiyahudi na wapinzani wa Wanazi. Mwaka huo huo, taasisi ya New School ya New York ilifungua chuo cha wasomi wakimbizi. Waliofika Marekani katika miaka iliyofuata ni pamoja na Franz Neumann, Herbert Marcuse na Hannah Arendt. Marekani ilipoingia vitani, idara yake ya ujasusi wa wakati huo iliunda tawi la utafiti lililoongozwa na William Langer, mwanahistoria wa Harvard, na kuwaajiri baadhi ya wakimbizi hao wawaeleze makamanda jinsi dola ya Kinazi ilivyofanya kazi. Hii ndiyo asili ya somo lenyewe, na haina budi kusemwa wazi: taaluma ya Ulaya ya sasa huko Marekani ilizaliwa na vita. Vita ilipokwisha, taaluma ikabaki. Hotuba iliyotangaza mpango wa kuifufua Ulaya, ule unaoitwa Mpango wa Marshall, ilitolewa katika mahafali ya Harvard tarehe 5 Juni 1947. Na Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka uliofuata sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, iliyomwaga fedha vyuoni ili Wamarekani wajifunze lugha na maeneo ya dunia. Kiswahili kimefundishwa katika vyuo vingi vya Marekani kwa fedha za sheria hiyo. Kwa hiyo darasa la Ulaya na darasa la Kiswahili ni ndugu wa baba mmoja, ingawa mmoja alilelewa sebuleni na mwingine uani.

Makaratasi nayo yalivuka bahari. Majeshi ya Marekani yalipoiteka Ujerumani mwaka 1945 yalichukua shehena kubwa za nyaraka za serikali, jeshi na chama cha Nazi. Nyingi zilipelekwa Alexandria, katika jimbo la Virginia, zikapigwa picha kabla ya kurudishwa kwa wenyewe. Raul Hilberg, mtoto wa Vienna aliyekimbia na wazazi wake mwaka 1939, alizipekua nyaraka hizo na kuandika kitabu kikubwa cha mwaka 1961 kuhusu maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya, kilichotokana na tasnifu yake ya Columbia. Kwa miaka kadhaa baada ya vita, basi, mtu aliyetaka kuujua moyo wa dola ya Kijerumani alilazimika kwenda Marekani. Mzee wangu wa Mitundu angeelewa: mkojo wa mgonjwa ukishapelekwa maabara, majibu huyatafuti nyumbani kwa mgonjwa.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo linahusu umbali. Ufaransa ilikuwa imejisimulia hadithi kwamba serikali ya Vichy, iliyotawala baada ya kushindwa mwaka 1940, ilishirikiana na Hitler kwa shingo upande, ikiwa ngao ya kuwakinga Wafaransa. Nyaraka za Kifaransa za kipindi hicho zilikuwa zimefungwa kwa watafiti. Robert Paxton, Mmarekani, alizunguka ukuta huo kwa kutumia nyaraka za Kijerumani zilizotekwa, na katika kitabu chake cha mwaka 1972 alionyesha kwamba Vichy haikusukumwa tu. Yenyewe iliomba ushirikiano, na sheria zake dhidi ya Wayahudi ilizitunga kwa hiari yake. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka mwaka 1973 na kuzua tafrani. Mwaka 1997, wakati Maurice Papon, aliyekuwa ofisa wa serikali hiyo, aliposhtakiwa mjini Bordeaux kwa kuhusika na kupelekwa kwa Wayahudi kambini, Paxton aliitwa kutoa maelezo mahakamani. Mgeni alikuwa ameijua nyumba kuliko wenyeji walivyokubali kuijua.

Hapo ndipo habari inapofika kwetu Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990 mwanafunzi wa uzamivu wa Harvard, Caroline Elkins, alikuja kutafiti kambi za kizuizini ambamo Waingereza waliwafungia Wakikuyu wakati wa Mau Mau. Aligundua kwamba majalada mengi yaliyopaswa kuwapo London na Nairobi hayakuwapo. Akakusanya kilichosalia na simulizi za wazee waliofungwa, na mwaka 2005 akatoa kitabu kilichosema kwamba Uingereza iliendesha mfumo wa mateso Kenya. Alishambuliwa sana. Baadhi ya wanahistoria walisema takwimu zake za vifo zimepita kiasi, na ukosoaji huo haukuwa wote wa chuki. Mwanafunzi wa historia anapaswa kuusoma pia. Lakini mwaka 2009 wazee wa Kenya walipofungua kesi katika Mahakama Kuu ya London, Elkins alikuwa miongoni mwa wanahistoria waliotoa ushahidi wa kitaalamu, pamoja na David Anderson na Huw Bennett, ambao ni Waingereza. Katika kesi hiyo serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha majalada ya kikoloni katika ghala la Hanslope Park: takriban majalada 8,800 kutoka makoloni 37, yakiwamo ya Tanganyika. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni, akaeleza masikitiko ya serikali yake na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Ninawaomba wanafunzi wangu waitafakari hesabu hiyo. Fedha zenyewe ni kidogo ukizigawa. Lakini sera rasmi ya dola kubwa kuhusu historia yake ilibadilika kwa sababu watu fulani walikuwa wamejifunza jinsi dola hiyo inavyotunza, inavyochoma na inavyoficha makaratasi yake. Hayo si masomo ya Afrika. Ni masomo ya Ulaya. Bila wazee wenyewe kusimama kizimbani na kueleza walichotendwa kusingekuwa na kesi yoyote. Na bila watu wanaomjua Mwingereza kwa ndani, wazee wangerudishwa nyumbani kwa kukosa vielelezo.

Nisije nikaonekana napigia debe. Mimi mwenyewe nilisoma historia ya Ulaya katika chuo kimoja cha Marekani, na nilichokiona si asali tupu. Nakumbuka semina moja kuhusu Mkataba wa Roma wa mwaka 1957, ulioanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Profesa, mtu mwema na mjuzi, aliueleza kwa saa nzima kama mapatano ya amani ya mataifa sita yaliyochoka kupigana. Usiku ule nilikwenda maktaba kusoma mkataba wenyewe hadi viambatisho, kwa tabia tu ya mtu aliyelelewa na vitabu vichache ambaye hukisoma kila alichokishika hadi jalada la nyuma. Katika Kiambatisho cha Nne nikakutana na majina: Kongo ya Ubelgiji, Ruanda-Urundi, Somalia iliyokuwa chini ya Italia. Majirani zetu walikuwa wameingizwa katika ushirika na Ulaya iliyoungana siku ile ile ilipozaliwa, bila kuulizwa. Nilipolitaja jambo hilo wiki iliyofuata, lilipokelewa kwa hamu, likapewa dakika tano, tukaendelea na bei za makaa ya mawe. Ulaya inayosomwa Marekani kwa kawaida ni Ulaya ya NATO, ya Vita Baridi, ya Berlin na Paris. Makoloni huwekwa mwishoni mwa ukurasa kwa herufi ndogo. Mtanzania anayekwenda huko lazima asome herufi ndogo. Hakuna atakayemsomea.

Akizisoma atakuta mengi ambayo hata shuleni kwetu hayatajwi. Kila mtoto wa Tanzania analijua Azimio la Arusha la 1967. Ni wangapi wanaoujua Mkataba wa Arusha, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1968, ukakwama bila kuridhiwa, ukaandikwa upya mwaka 1969 na kuanza kutumika mwaka 1971? Yaani mwaka mmoja tu baada ya kutangaza kujitegemea, tulikuwa mezani tukijadili ushuru wa bidhaa zetu katika soko la Ulaya. Sioni aibu katika hilo. Ndivyo dola zinavyoishi. Kutoka Arusha tukaenda Lomé mwaka 1975, kisha Cotonou mwaka 2000, na hivi karibuni Samoa mwaka 2023. Mlolongo huo ni sehemu ya historia ya Ulaya kama ulivyo sehemu ya historia yetu.

Faida yake ilionekana waziwazi mwaka 2016. Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, uliokamilika kujadiliwa Oktoba 2014, ulikuwa unasubiri saini. Ulizitaka nchi zetu zifungue polepole zaidi ya asilimia 80 ya soko lao kwa bidhaa za Ulaya. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016. Tanzania ilikataa, na Novemba mwaka huo Bunge letu likashauri usiridhiwe. Sauti iliyosikika zaidi katika kuupinga ilikuwa ya Rais mstaafu Benjamin Mkapa, aliyeandika kwamba viwanda vyetu vichanga visingehimili ushindani huo na kwamba serikali zingepoteza mapato ya ushuru. Mkapa alisoma mambo ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya Makerere. Sisemi kwamba Columbia ndiyo iliyoukataa mkataba. Alikuwa amepita uandishi wa habari, ubalozi, uwaziri na urais kabla ya hapo. Ila alizungumza kama mtu aliyezoea kuisoma Ulaya akiwa nje yake, bila hofu na bila matusi, na hoja yake kuu ilitokana na kuzijua kanuni za Ulaya zenyewe: kwamba Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, tayari iliingiza bidhaa zake huko bila ushuru chini ya utaratibu wa mwaka 2001 unaoruhusu kila kitu isipokuwa silaha. Kenya haikuwa katika kundi hilo. Ndiyo maana ilikuwa na haraka, na ndiyo maana baadaye ilijadiliana peke yake na kupata mkataba wake, unaotumika tangu Julai 2024. Wapo wanaoamini kwamba tulipoteza fursa kwa kukataa. Mjadala huo ni halali. Ninachosikitikia ni kwamba wengi walioujadili kwetu, upande huu na ule, hawakuwa wameusoma.

Niliwahi kumsikia mtumishi wa wizara moja akieleza kwenye warsha kwamba suala la vikwazo vya bidhaa zetu "tutaongea na Wajerumani walishughulikie". Hakukuwa na aliyemsahihisha, na mimi, kwa unyonge wa mgeni mwalikwa, nilinyamaza. Biashara na nchi za nje ni mamlaka ya Umoja wa Ulaya kwa pamoja; Tume iliyoko Brussels ndiyo inayojadiliana kwa niaba ya wanachama wote. Berlin inaweza kukuonea huruma, lakini haiwezi kukupunguzia ushuru. Chukua asali ya Mitundu. Haizuiwi na ushuru. Ili nchi iruhusiwe kuuza asali Ulaya, lazima iwe na mpango wa kupima mabaki ya dawa na kemikali ndani ya asali hiyo, na mpango wenyewe ukubaliwe na Tume ya Ulaya. Mzee anaweza kuwa na mizinga mia katika msitu usiowahi kuonja dawa ya kuulia wadudu, lakini kama hakuna ofisa aliyejaza fomu sahihi na maabara iliyopima sampuli sahihi, asali yake kwa Ulaya ni kama haipo. Yule kijana tuliyekuwa tukimcheka jioni ile anaweza kurudi akiwa mmoja wa watu wachache wanaojua fomu hiyo inakwenda mlango gani.

Je, hayo hayawezi kusomwa Dar es Salaam? Yanaweza, na yalikwisha kusomwa. Walter Rodney aliandika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika akiwa mwalimu pale Mlimani, na kikachapwa na Tanzania Publishing House. Ningependa kuona siku ambapo Mmarekani atapanda ndege kuja kwetu kuisoma Ulaya. Leo hatuna idara ya namna hiyo, vitabu vipya ni ghali, na walimu wanaozijua lugha za Ulaya mbali na Kiingereza na Kifaransa ni wachache mno.

Na lugha ndiyo jambo ambalo ningeanza nalo usiku ule kama ningekuwa na akili ya haraka. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akakutana na kizazi cha Nduna Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906, na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Tangu hapo mazungumzo kuhusu mabaki ya wazee wetu na mali zilizochukuliwa yameongezeka. Mazungumzo hayo hayataendeshwa kwa machozi. Yataendeshwa kwa majalada: yaliyoko Berlin katika nyaraka za ofisi ya makoloni, na yaliyoko Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa, ambako shehena ya makaratasi ya utawala wa Kijerumani imelala zaidi ya karne. Sehemu kubwa ya makaratasi hayo imeandikwa kwa mkono, kwa ule mwandiko wa kale uitwao Kurrent ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Baadhi ya vyuo vya Marekani hufundisha kuusoma. Mwanafunzi wetu akienda huko kusoma Ulaya akarudi na nadharia tu, atakuwa amekula ganda.

Nilimpigia kijana simu nikamweleza hivyo. Alisikiliza, kisha akampa simu baba yake mkubwa, ambaye kumbe alikuwa amekaa karibu muda wote. Nikamrudia mzee habari ya majalada: kwamba yapo, kwamba mengi ni ya mkono, kwamba wanaoyasoma ni wachache.

"Na huyo Mgalula," akaniuliza, "Wajerumani waliandika nini juu yake?"

Nikamwambia sijawahi kuyasoma. Kijerumani changu ni cha magazeti. Mwandiko ule haunifungukii.

"Wewe ni daktari wa historia, mwalimu."

"Ndiyo, mzee."

Akanyamaza kidogo. Kisha nikamsikia akimuuliza kijana, pembeni ya simu, masomo hayo yanaanza mwezi wa ngapi.